Klabu za skwoshi ziwafungulie watoto milango

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutuzwa. Aghalabu methali hii hutumiwa kumsifu anayetenda jambo lake mbele ya jamaa zake, wakamshangilia hata pale anapoteleza. Lakini ndani yake mna swali ambalo wapenzi wa michezo magharibi mwa Kenya hawana budi kulijibu: je, asiye na kwao katika mchezo fulani atatuzwa na nani?

Mtoto wa Bungoma anayecheza magongo ana kwao. Shule ya Friends Kamusinga imejijengea jina katika mchezo huo kwa miaka mingi, na kila mwanafunzi anayeingia pale hukuta njia imekwisha kufyekwa. Mtoto wa Kitale anayesakata kandanda naye ana kwao, kwani sifa za shule ya St. Anthony zimevuka mipaka ya Trans Nzoia. Lakini mtoto wa miji hii miwili ambaye angependa kucheza skwoshi ataelekea wapi? Nani atamwazima raketi? Nani atamwambia kuwa mkono wake una kipaji?

Kwa msomaji ambaye hajapata kuuona, mchezo huu huchezwa na watu wawili ndani ya chumba chenye kuta nne, urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.4. Wachezaji hawatenganishwi na wavu. Wote wawili huuelekea ukuta wa mbele na kuupiga mpira mdogo wa raba kwa zamu. Mpira ukigonga bati lililo chini ya ukuta huo, au ukidunda sakafuni mara mbili kabla ya kurudishwa, pointi ni ya mwenzako. Anayetangulia kufikisha pointi 11, akiwa mbele kwa mbili, huchukua seti; na anayetangulia kuchukua seti tatu ndiye mshindi.

Mchezo wenyewe ulizaliwa katika shule ya Harrow, Uingereza, mnamo miaka ya 1830, na jina lake latokana na mpira laini uliobonyea ulipogonga ukuta. Jambo hili ni la kutiliwa maanani. Skwoshi haikuzaliwa klabuni, wala haikubuniwa na mabwana wenye magari. Ilizaliwa shuleni, mikononi mwa wanafunzi.

Iweje basi kwetu ionekane kuwa mali ya watu wachache? Jibu limo katika historia ya ardhi. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Trans Nzoia iligawiwa walowezi wa Kizungu, na mwaka 1926 reli ikafika Kitale kubeba mazao ya mashamba yao. Kila walipostawi, walowezi walijijengea klabu, na pamoja na gofu na tenisi wakauleta mchezo wa skwoshi. Mwafrika aliingia katika klabu hizo akiwa mpishi, mhudumu au mbeba mifuko ya gofu. Bungoma nayo ilikuwa upande wa pili wa mpaka, katika ardhi iliyotengewa Waafrika, ambako hapakuwa na mlowezi wa kujenga klabu ya aina hiyo. Ndiyo maana hadi leo, ukiiondoa Nairobi, ramani ya skwoshi nchini hufuata kwa karibu ramani ya makazi ya walowezi na miji mikubwa ya biashara. Uhuru uliondoa ubaguzi wa rangi mlangoni mwa klabu, lakini haukumpa mtoto wa mkulima ufunguo.

Siwalaumu wanachama wa leo kwa mambo waliyoyarithi. Klabu ni mali ya wanachama wake, nao hulipa ada ili nyasi zifyekwe na taa ziwake. Hata hivyo, nawauliza swali la hesabu. Watu wazima wengi hucheza jioni baada ya kazi, au mwishoni mwa juma. Kati ya saa tisa na nusu na saa kumi na moja alasiri, siku za kazi, uwanja wa skwoshi kwa kawaida hukaa bure. Wakati huo ndio ambao shule zetu huachia masomo na kuwapa wanafunzi nafasi ya michezo. Kocha mmoja aweza kuwafunza watoto sita kwa zamu ndani ya uwanja mmoja kwa dakika 45. Alasiri moja ingetosha makundi mawili, yaani watoto 12. Kwa siku tano hizo ni nafasi 60. Kila mtoto akija mara mbili kwa juma, uwanja mmoja utakuwa unalea chipukizi 30, bila mwanachama hata mmoja kunyimwa zamu yake.

Tuseme kati ya hao 30 ni sita tu watakaoendelea kuupenda mchezo hadi wamalize masomo na kupata kazi. Hao sita watarudi wakiwa walimu, wauguzi, wahasibu na wafanyabiashara, nao watalipa ada kamili kwa hiari yao. Klabu inayongoja mtu mzima ajitokeze langoni, mwenye fedha na wadhamini wawili wa kumpendekeza, huwa inavuna shamba ambalo haikulipanda.

Ulimwengu una mifano ya kutosha. Hashim Khan alizaliwa karibu na Peshawar, katika nchi ambayo sasa ni Pakistan. Baba yake alikuwa mtumishi katika klabu ya maofisa wa Kiingereza, na mvulana huyo akapata kazi ya kuokota mipira iliyoruka nje ya uwanja. Maofisa walipokimbia jua la mchana, yeye aliingia na kucheza miguu mitupu. Mwaka 1951, akiwa amekwisha kupita umri wa miaka 30, alikwenda Uingereza na kutwaa ubingwa wa mashindano makuu ya nchi hiyo, taji ambalo alilipata mara saba kwa jumla. Ukoo wake ukafuata nyayo, na Jahangir Khan akalinyakua taji lilo hilo mara kumi mfululizo, tangu 1982 hadi 1991.

Lakini kisa hiki kina upande wa pili. Tangu Jansher Khan aliposhinda ubingwa wa dunia mwaka 1996, hakuna mwanamume mwingine wa Pakistan aliyeupata. Sababu ni nyingi, lakini nionavyo, mojawapo ni hii: mchezo uliotegemea sana koo chache ulikosa mizizi mipana ya kuushikilia koo hizo zilipochoka. Bahati ya mtoto mmoja kukuta uwanja mtupu si mpango. Mpango ni kuhakikisha kuwa uwanja mtupu humkuta mtoto kila siku.

Hapo ndipo Misri, Waafrika wenzetu, walipotupita mbali. Mwaka 2003 Amr Shabana alikuwa Mmisri wa kwanza kuwa bingwa wa dunia kwa wanaume. Mwaka 2009 Nour El Sherbini, msichana wa Alexandria, alitwaa ubingwa wa dunia wa chipukizi akiwa na umri wa miaka 13. Tangu hapo Wamisri wamekuwa wakikutana wao kwa wao katika fainali nyingi. Siri yao moja ni kwamba katika klabu zao uanachama ni wa familia nzima. Mama, baba na watoto huingia pamoja. Mtoto hutoka shule na kwenda klabuni kama anavyokwenda kwa shangazi yake. Huko hukuta wadogo, wakubwa na mabingwa wakifanya mazoezi katika viwanja vilivyopakana, akajifunza kwa kuwatazama.

Kazi yangu ni isimu, na mwanaisimu hawezi kulipita neno bila kulitazama. Kiswahili humwita mtu wa chama "mwanachama", kama kinavyosema mwanafunzi, mwananchi na mwanamichezo. Katika maneno haya "mwana" si mtoto wa umri, bali ni mtu aliye wa jambo hilo, aliyelelewa nalo na kuhesabiwa kuwa wake. Kwa hiyo lugha yenyewe hufahamu kuwa uanachama ni malezi kabla ya kuwa risiti ya malipo. Chama kisicho na wana hakitakosa tu wachezaji. Baada ya miaka 20 kitakosa hata watu wa kuketi kwenye kamati.

Basi nini kifanyike? Kwanza, klabu zenye viwanja, Kitale na kwingineko katika eneo hili, zianzishe uanachama wa chipukizi wenye ada ndogo ambayo mzazi wa kawaida aimudu, au ambayo shule yaweza kulipa kwa niaba ya kikundi. Raketi na mipira iwe ya kuazimwa. Klabu iweke sharti la nidhamu, na mwalimu awe mdhamini badala ya wale wanachama wawili ambao mtoto wa Kiminini au Misikhu hawajui.

Pili, Bungoma isingoje kurithi kile ambacho haikuachiwa. Katiba ya mwaka 2010 iliweka michezo na vifaa vyake chini ya serikali za kaunti. Uwanja wa skwoshi ni chumba kimoja chenye kuta imara, sakafu ya mbao na paa, nao hauhitaji ekari za ardhi. Penye taasisi kama Chuo Kikuu cha Kibabii na shule nyingi za bweni, chumba kama hicho hakitakosa watu. Hata kabla hakijajengwa, ukuta mmoja laini wa darasa, uliopigwa mstari wa rangi, unatosha kumfunza mtoto kushika raketi na kulenga.

Tatu, yaanzishwe mashindano madogo ya eneo. Barabara ya kutoka Kitale kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha Bungoma, ni safari ya asubuhi moja kwa basi la shule. Kikundi cha wavulana wanne na wasichana wanne kinatosha kuwa timu. Nasema wasichana kwa makusudi. Khaaliqa Nimji ameiwakilisha Kenya katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, na hakuna sababu ya msichana wa Lugulu kudhani kuwa njia hiyo haimhusu.

Wapo watakaouliza: je, mchezo huu hautawapotezea wanafunzi wakati wa masomo? Mjini Boston, Marekani, mradi uitwao SquashBusters ulianzishwa mwaka 1996 kwa watoto wa shule za umma ambao wazazi wao hawakuwa na uwezo wa kuingia klabu. Sharti lake lilikuwa kwamba raketi na daftari viende pamoja: mtoto hufanya mazoezi, kisha huketi na kusaidiwa masomo. Walimu wetu wanaweza kuiga mtindo huo. Fauka ya hayo, katika mtaala wa sasa shule za sekondari ya juu zina mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Itakuwa ajabu ikiwa mkondo huo utafundishwa ubaoni peke yake, ilhali uwanja umefungwa kwa kufuli kilomita mbili kutoka darasani.

Wengine watasema kwamba heshima ya klabu itashuka watoto wakiingia. Mimi naona kinyume. Skwoshi ni mchezo wa adabu. Wawili hutumia nafasi moja, na kila mmoja ana wajibu wa kumpisha mwenzake aufikie mpira. Kama mpira umedunda mara mbili, mchezaji mwungwana husema mwenyewe, hata mwamuzi asipoona. Hilo ni somo ambalo mwalimu wa maadili angelitamani. Nalo lifundishwe kwa lugha ambayo mtoto anaifahamu: "rudi katikati", "tazama mpira", "mpishe mwenzako". Mchezo ukisemwa kwa Kiswahili utakuwa umepiga hatua ya kwanza ya kuwa wetu.

Skwoshi iliingia katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1998, Kuala Lumpur, lakini ikaachwa nje ya orodha ya Glasgow ya mwaka 2026. Kwa upande mwingine, mnamo Oktoba 2023 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliidhinisha mchezo huu uchezwe kwa mara ya kwanza katika Olimpiki za Los Angeles za mwaka 2028. Milango ya juu hufunguka na kufungwa kwa amri za watu wa mbali. Hatuwezi kuitegemea. Mlango ulio chini ya mamlaka yetu ni ule wa klabu, saa tisa na nusu alasiri.

Nawasihi walimu wa michezo wa Trans Nzoia na Bungoma waandike barua kwa kamati za klabu zilizo karibu nao, waombe alasiri mbili kwa juma kwa muhula mmoja wa majaribio. Nazo kamati zisikatae kabla ya kuzijaribu. Mtoto akipewa raketi leo, akaambiwa hapa ni kwenu, hatahitaji kubembelezwa kesho ajiunge. Atakuwa amekwisha kuwa mwanachama.