Funga Kazi: albamu iliyofanya wazazi wasikilize rap

Vijana wengi wa Masisi na Walikale wanapenda rap, lakini nyumbani wazazi bado wanasema ni kelele ya watoto wasiokuwa na kazi. Tanzania pia walipita hapo. Kuko albamu moja iliyosaidia kugeuza mawazo: Funga Kazi ya kundi Hard Blasters Crew, ao HBC, iliyotoka mwaka 2000.

HBC ni kundi la Dar es Salaam. Ndani yake kulikuwa Fanani, Big Willy na Professor Jay. Walipoanza, miaka ya 1990, marapa wengi wa kule walikuwa wanaiga Wamarekani, tena kwa Kiingereza. Saleh Jabir alikuwa ameshachukua wimbo wa Vanilla Ice na kuuwekea maneno ya Kiswahili, lakini mzazi alikuwa hajapata kitu chake ndani.

Hapa kwetu, mtu akisikia "funga kazi" anaweza kuwaza mambo ya kufunga magazini. Watanzania wanaita hivyo kitu kinachomaliza ubishi. Na wimbo uliojulikana zaidi katika albamu ile ni Chemsha Bongo. Kuchemsha bongo ni kufikiri sana, na "Bongo" ni jina ambalo vijana waliipa Dar es Salaam, juu pale bila akili huishi.

Kiswahili chake kilikuwa wazi, na ujumbe ulikuwa juu ya maisha ya kila siku. Basi wakubwa waliokuwa wanadharau rap wakaanza kuisikiliza. Mwaka 2001 Professor Jay akatoa albamu yake mwenyewe, Machozi, Jasho na Damu. Ndani yake, wimbo Ndio Mzee unacheka wanasiasa wenye ahadi nyingi. Mwaka 2015 yeye mwenyewe alichaguliwa mbunge wa Mikumi.

Huku kwetu, hata hivyo, mzazi hana haya ya kelele tu. Ana woga pia. Mwimbaji Delcat Idengo, aliyejulikana kwa nyimbo zenye kukosoa wakubwa, alipigwa risasi na kufa Goma tarehe 13 Februari 2025. Kwa hiyo mzazi anayekataza mtoto asirapu, pengine anamlinda.

Lakini HBC walionyesha jambo moja: mzazi akielewa maneno, hafungi tena redio. Anabaki kusikiliza, na kisha anaweza kuzungumza na mtoto wake juu ya yale anayoimba.