Duka Singida, ghala Kariakoo: agizo la simu linaokoa kiasi gani?

Na Mwandishi Wetu, Singida

MWENYE duka la vyakula mjini Singida, Kiomboi au Manyoni anayetaka kujaza rafu zake ana njia tatu. Anaweza kupanda basi hadi Dar es Salaam, takriban kilomita 700, akachague mwenyewe mzigo wake Kariakoo. Anaweza kununua kwa muuzaji wa jumla wa hapa hapa mkoani. Au anaweza kukaa dukani kwake, akapokea orodha ya bei kwenye simu, akalipa kwa simu hiyo hiyo na kusubiri mzigo stendi. Njia hii ya tatu imezoeleka kiasi kwamba wengi hawaiiti tena biashara ya mtandao. Hata hivyo ni wachache waliokaa na kalamu wakapiga hesabu ya kile inachowaokolea, na cha kile inachowapotezea.

Ukurasa huu wiki hii unapiga hesabu hiyo. Tarakimu zilizotumika ni za mfano. Msomaji aweke zake palipo na tofauti, lakini mpangilio wa hesabu abaki nao.

Tuchukue duka linalonunua mzigo wa Sh. 3,000,000 kwa awamu, na ambalo faida yake ghafi, baada ya kutoa nauli ya mzigo, ni asilimia 10, yaani Sh. 300,000. Mzigo huo unaisha kwa siku 15, hivyo kila siku ya mauzo inaingiza faida ghafi ya Sh. 20,000. Mwenye duka akisafiri mwenyewe, tukadirie nauli ya kwenda na kurudi kuwa Sh. 80,000, nyumba ya wageni kwa usiku mbili Sh. 40,000, na chakula pamoja na usafiri wa ndani ya jiji Sh. 40,000. Jumla ni Sh. 160,000. Bado kuna gharama ambayo haina risiti. Duka lililofungwa siku tatu limepoteza faida ya Sh. 60,000. Safari nzima basi imegharimu Sh. 220,000, na katika ile faida ya Sh. 300,000 zimebaki Sh. 80,000 za kulipia pango, umeme, leseni na ada za watoto.

Sasa tuhesabu agizo la simu. Ada za kutuma fedha tuziweke Sh. 15,000. Mnunuzi wa mbali hawezi kuzunguka maduka kumi akibembeleza bei, hivyo tukubali kwamba atauziwa ghali kwa asilimia 2, sawa na Sh. 60,000. Jumla ni Sh. 75,000, na faida inayobaki ni Sh. 225,000. Tofauti kati ya njia hizi mbili ni Sh. 145,000 kwa kila awamu ya siku 15. Kwa mwezi ni Sh. 290,000, karibu faida ghafi ya awamu nzima ya mzigo.

Wapo watakaosema kwamba duka halifungwi kwa sababu mke, mume au kijana wa dukani anabaki. Ni kweli, na hapo ondoa zile Sh. 60,000. Simu bado inaongoza kwa Sh. 85,000.

MTAJI UNAOLALA

Nauli ni akiba inayoonekana. Iliyo kubwa zaidi, kwa maoni ya mwandishi, ni ile ya mzunguko wa mtaji. Anayesafiri analazimika kununua mzigo mkubwa ili safari ilipe. Matokeo yake sabuni, viberiti na majani ya chai vinakaa rafuni wiki mbili vikiwa ni fedha iliyolala. Anayeagiza kwa simu anaweza kugawa zile Sh. milioni tatu katika maagizo matatu ya milioni moja moja, kila baada ya siku tano. Mauzo yanabaki yale yale, lakini fedha iliyofungwa ndani ya bidhaa inapungua hadi karibu theluthi.

Mtu wa Singida ana mahali pa kuipeleka fedha hiyo iliyobaki. Msimu wa alizeti unapofika, mwenye shilingi milioni mbili mkononi anaweza kununua mbegu wakati bei iko chini na kuzihifadhi, au kuingia kwenye vitunguu. Mwenye milioni mbili zilizogeuka katoni za sabuni anatazama tu.

Tahadhari ni kwamba mizigo midogo midogo hulipiwa nauli kubwa kwa kila katoni kuliko mzigo unaojaza nafasi kwenye Fuso. Kwa sababu hiyo wafanyabiashara watatu au wanne wa mtaa mmoja wanaoagiza kwa pamoja hupata nauli ya mzigo mkubwa na bei ya jumla, huku kila mmoja akilipia sehemu yake. Inahitaji kuaminiana, na daftari lililoandikwa vizuri.

Njia ya pili, ya muuzaji wa jumla wa mkoani, isidharauliwe. Iwapo nauli ya mzigo ni asilimia 3 ya bei na gharama za agizo ni asilimia 2.5, basi bidhaa ya Kariakoo inafika dukani ikiwa imeongezeka asilimia 5.5. Muuzaji wa jumla wa Singida anayezidisha asilimia 5 juu ya bei ya Dar ni nafuu kuliko simu, na mzigo wake unauona kwa macho kabla ya kulipa. Sukari, unga wa ngano na chumvi, ambavyo ni vizito na faida yake ni ndogo, mara nyingi vitaangukia huku. Vitu vyepesi vyenye thamani, kama viungo, betri na vipodozi, ndivyo vinavyolipa kuagizwa mbali. Na kuhusu mafuta ya kula, mtu anayekaa katika mkoa wa alizeti, wenye kiwanda kikubwa cha Mount Meru na mashine ndogo za kukamua kila upande, akiagiza madumu ya mafuta kutoka Dar es Salaam anapaswa kuulizwa na mkewe.

MIAMALA ILIVYOFIKA HAPA

Utaratibu huu haukuletwa na kampuni moja. M-Pesa ya Vodacom ilianza nchini mwaka 2008, Tigo Pesa, ambayo tangu 2024 inaitwa Mixx by Yas, ikafuata mwaka 2010, na kuanzia mwaka 2014 kampuni za simu zikaanza kuruhusu fedha kuvuka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Kabla ya hapo mfanyabiashara alilazimika kuwa na laini za mitandao yote au kubeba noti kwenye soksi. Kulikuwa na mshtuko mwezi Julai 2021 serikali ilipoanzisha tozo ya miamala, ambayo ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo huo baada ya malalamiko. Somo la kipindi kile kwa mwenye duka ni kwamba ada ya kutuma fedha ni gharama ya biashara kama nauli, na inaweza kubadilika kwa bajeti moja.

Wawekezaji wadogo wanaosoma ukurasa huu watakumbuka kuwa Vodacom Tanzania iliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam Agosti 2017, hisa ikiwa imeuzwa kwa umma kwa Sh. 850. Sehemu kubwa ya mapato ya kampuni hiyo hutokana na M-Pesa, hivyo mwenye hisa zake anayo sehemu katika kila ada anayolipa mwenye duka wa Ikungi.

Kinyume chake, kampuni zilizojaribu kumiliki biashara ya kuagiza na kufikisha bidhaa zimepata taabu. Jumia ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Nchini Kenya, Copia, iliyoanza mwaka 2013 kwa kuwatumia wenye maduka ya vijijini kama mawakala wa kupokea maagizo, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi Mei 2024. Twiga Foods, iliyoanza 2014 kwa kuwapelekea wachuuzi wa Nairobi ndizi, imelazimika kupunguza wafanyakazi na kubadili mfumo wake wa usafirishaji. Wasoko, ambayo ilihudumia maduka ya rejareja katika nchi kadhaa ikiwemo Tanzania, iliungana na MaxAB ya Misri mwaka 2024.

Si matatizo ya Afrika pekee. Huko Gateshead, Uingereza, bibi mmoja aliagiza mayai, majarini na nafaka za asubuhi kutoka Tesco kwa kutumia televisheni yake mwaka 1984, miaka mingi kabla ya intaneti kuingia majumbani. Wazo lilikuwepo mapema. Lakini Webvan ya Marekani, iliyojenga maghala makubwa na kununua magari ya kupeleka vyakula nyumbani, ilifilisika Julai 2001. Faida ya vyakula ni nyembamba, na kilomita ya mwisho kutoka ghalani hadi mlangoni ndiyo ghali kuliko zote. Kampuni inayonunua magari, kupanga ghala na kuajiri madereva kwa ajili ya mkate na sukari lazima iuze kwa wingi mno ndipo ipumue.

Utaratibu wa Singida hauna mzigo huo. Basi la abiria linakuja liwe na katoni yako au lisiwe nayo. Fuso iliyopeleka vitunguu Dar es Salaam inarudi, na dereva anatafuta cha kujaza bodi. Bodaboda wapo stendi. Hakuna aliyewekeza mamilioni ya dola, kwa hiyo hakuna anayedai yarudi. Huo ndio unafuu ambao kampuni zile hazikuweza kuushinda.

PALE FEDHA INAPOPOTEA

Hatari kubwa ni fedha kutangulia na mzigo usije, au uje mwingine. Ujumbe wa matapeli wa kumtaka mtu atume fedha kwenye namba nyingine umekuwa hadi mzaha mitaani, lakini mfanyabiashara aliyezoea kupokea ujumbe wa kweli wa aina hiyo kutoka kwa muuzaji wake ndiye rahisi kunaswa. Namba ya malipo ikibadilika, mpigie muuzaji kwa namba ya zamani na usikie sauti yake. Ni heri kulipa kwa namba ya biashara, yaani Lipa Namba, kwa sababu jina la duka hutokea kabla ya kuthibitisha. Namba za utapeli hutumwa Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, kupitia 15040.

Kwa muuzaji mpya, usilipe yote. Nusu itangulie, nusu ilipwe mzigo ukifika, na agizo la kwanza liwe dogo kiasi ambacho ukikipoteza duka halitayumba. Akikataa masharti hayo, wapo wengine Kariakoo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza kwa mtandao kutoa jina lake, anwani na bei kamili. Mwenye picha za bidhaa tu bila anwani hastahili fedha yako. Dai pia risiti ya EFD isafiri na mzigo, maana bila hiyo utakuwa na maswali ya kujibu kwa TRA mzigo ukikaguliwa njiani.

Bei nayo iandikwe. Mapema mwaka 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji wa miwa na sukari ikaadimika hadi serikali ikatangaza bei elekezi, bei ya asubuhi haikuwa ya jioni. Ujumbe ulioandikwa wenye bei, idadi, tarehe ya kuisha muda wa bidhaa na siku ya kutuma una nguvu kuliko mazungumzo ya simu. Mzigo ufunguliwe stendi, mbele ya aliyeuleta, na upigwe picha.

Kwa upande mwingine, njia hii hii inapeleka mali ya Singida nje. Kuku wa kienyeji na asali ya Manyoni na Itigi vina wateja Dar es Salaam na Dodoma wanaolipa kwa simu kabla ya basi kuondoka, na hapo mfugaji anapata sehemu ya fedha ambayo zamani iliishia kwa dalali. Vitunguu ni kesi tofauti. Picha haionyeshi kitunguu kilicholowa katikati ya gunia, na wanunuzi wa mbali wana sababu ya kutuma mtu wao soko la Misuna akaone. Muuzaji anayetaka kuaminiwa auze kwa kilo zilizopimwa mizani. Lumbesa, gunia lililozidi kilo 100, ni kosa kisheria, na kwa agizo la mbali ni ugomvi wa hakika, kwani kila mmoja anahesabu gunia lake.

Kwa wenye maduka, kipindi cha kuangalia ni mavuno ya alizeti. Fedha ikiingia vijijini Iramba na Mkalama, sukari, sabuni na vyombo huondoka haraka, na maagizo ya mkoa mzima hugonga Kariakoo kwa wiki zile zile. Nafasi kwenye magari huwa finyu na nauli ya mzigo hupanda. Aliyekwisha kumzoea muuzaji wake kwa maagizo madogo ya miezi ya nyuma ndiye atakayefungiwa mzigo kwanza.