Bata weupe na shimo la shaba la Butte

Mababa wa poste ya usiku wanajua sauti ya pompe ndani ya mgodi. Wanajua pia kitu gani kinafika siku pompe inanyamaza: maji inapanda. Kule Butte, mji wa shaba katika Montana, Marekani, pompe zilinyamaza mwaka 1982. Shimo lao kubwa, Berkeley Pit, lilianza kuchimbwa mwaka 1955, na lilikuwa limeshuka zaidi ya metre 500. Leo ni ziwa.

Ziwa hilo haliko sawa na maziwa mengine. Mawe ya Butte iko na kiberiti mingi ndani yake, na kiberiti kikikutana na hewa na maji kinazaa asidi. Asidi inakula mawe, inatoa shaba, zinki, kadmiamu na arseniki, na vyote vinabaki ndani ya maji. Kwa miaka mingi kompani ilikuwa inapompa maji hayo, inayapitisha juu ya chuma kizee, na shaba inashika pale. Mtu wa izine ataelewa haraka maji ya namna gani hayo. Lakini ndege akiwa juu usiku, anaona maji tu.

Ndege tunaosema ni bata bukini wa theluji. Wafaransa wanamwita oie des neiges. Ni mweupe mwili mzima, ncha za mabawa ni nyeusi. Anazaa kaskazini kabisa, fasi ya baridi kali, na kila mwisho wa mwaka anashuka kusini kutafuta chakula, wengi mpaka California. Njia ya makundi mengine inapita juu ya Butte.

Mwezi wa Novemba 1995 walikuta bata 342 wamekufa ndani ya shimo. Hapo mabishano yakaanza. Wenye shimo walisema kwanza ni ugonjwa, kuvu iliyotoka katika nafaka waliyokula. Serikali ya Montana haikukubali, ikapima miili kwa upande wake. Walipofungua koo na matumbo walikuta vidonda vya kuungua: ndege walikunywa asidi na madini. Tunaona hapa kazi ya watafiti ilisaidia kupita maneno yote. Bila kupasua na kupima, kila mtu angebaki na hadithi yake, na ya mwenye nguvu ndiyo ingesikiwa.

Kisha wakaweka walinzi. Wafanyakazi wa mgodi wanakaa juu ya ukingo na darubini, na kundi likitua wanapiga bunduki karibu yake. Risasi haiko ya kuua, iko ya kushtua. Ndege akiondoka mapema anapona. Akilala pale na kunywa, ndipo hatari. Kwa miaka makumi mawili hesabu ya wafu ilibaki ndogo, na watu wakafikiri wamemaliza shida.

Tarehe 28 Novemba 2016 ikaonyesha hapana. Mwaka ule joto lilichelewa kuisha, kwa hiyo bata walikaa sana huko kaskazini. Baridi ilipofika ghafula, wakaondoka wengi mara moja. Dhoruba ya theluji ikawakamata njiani, na maji mengine ya karibu yalikuwa yamekwisha kuganda. Shimo halikuganda. Maelfu na maelfu wakatua usiku. Wafanyakazi walipigana nao kwa taa kubwa na kelele, lakini kati ya 3,000 na 4,000 walikufa. Hatuwezi kulaumu wale wa poste ile. Mtu mmoja na bunduki atafukuza kundi lililofunika ziwa zima namna gani?

Tangu hapo utafiti umegeuka. Zamani walikuwa wanangoja ndege afike. Sasa wanauliza yuko wapi kabla hajafika: nani amehesabu bata katika maziwa ya kaskazini, makundi yameondoka lini, upepo unatoka upande gani, maji gani yameganda. Freezout Lake, katika Montana ileile, wakati mwingine inapokea bata zaidi ya 100,000 wakati wa kurudi, na hesabu ya pale ni habari ya kazi kwa mlinzi wa Butte. Wameongeza droni na laseri pia.

Kwetu Katanga bata huyu hafiki. Tuko na wengine: bata bukini wa Misri, mwenye alama ya kahawia kwenye jicho, na yule mkubwa mweusi mwenye mwiba kwenye bawa. Wanakaa Upemba, na katika bonde la Lufira, ambako barrage ya Mwadingusha ilizaa ziwa Tshangalele. Bonde hilo liliandikwa mwaka 2017 katika orodha ya Ramsar, ile ya maji yenye maana kwa dunia nzima. Watu wanavua pale, na bata anaingia katika sufuria.

Mtu asiseme basi kila shimo la kwetu ni Butte. Mawe yetu mengi ni dolomi, na dolomi inapunguza asidi. Lakini madini inaweza kubaki ndani ya maji hata asidi ikikosekana, na jicho halioni kobalti. Maji ya shimo la zamani, pale watoto wanaogelea na mama anafua, hayajulikani kwa rangi. Yanajulikana kwa kupimwa, shimo moja moja, na majibu kupewa watu wa kambi.

Butte walirudisha pompe mwaka 2019. Maji inatolewa, inasafishwa kwa chokaa, ile chaux ya mu maizine yetu, na inaachwa iende mtoni Silver Bow Creek, juu ya ziwa lisipande kupita kiasi. Ziwa lenyewe litabaki. Kila Oktoba na Novemba kuna mtu wa zamu kule juu ya ukingo, darubini mkononi, anangoja simu kutoka kaskazini.