Ukale wa Khiari
Autazamaye kwa mara ya kwanza mchezo wa Shovel Knight, uliotolewa mwaka 2014 na studio ya Yacht Club Games ya Marekani, aghalabu hudhani ametiwa mkononi kitu cha miaka ya 1980: picha za vipande vya mraba, muziki wa milio myembamba (Manami Matsumae, mtunzi wa muziki wa mchezo wa Mega Man wa 1987, amechangia humo), na shujaa mwenye deraya anayewarukia maadui na kudunda vichwani mwao kwa ncha ya beleshi. Dhana hiyo ina kasoro.

Mashine ya Nintendo ya zama hizo, iliyouzwa Japani tangu 1983, haikuweza kuchora katika mstari mmoja wa skrini zaidi ya vipande 8 vya vitu viendavyo, kila kimoja kikiwa na upana wa pikseli 8. Basi maadui walipojipanga safu moja baadhi yao walitoweka, na mafundi, ili asipotee kabisa hata mmoja, waliwapa zamu za kuonekana, wakawa wanamemeteka. Mchezo huu mpya umeukataa udhia huo, ukaongeza na rangi chache ambazo mashine ile haikuwa nazo. Ulichonakili ni kumbukumbu ya wachezaji, nayo kumbukumbu haimemeteki.

Lakini lililonivutia zaidi ni hesabu ya mauti. Katika Mega Man mchezaji alipewa roho chache, na zikiisha alirudishwa mwanzo wa hatua, ajapokuwa amekwisha kumwona jabari wa mwisho. Shovel Knight hauhesabu roho: ukifa unarejea kwenye kituo ulichokipita, na sehemu ya dhahabu yako inabaki pale ulipoangamia, ndani ya mifuko yenye mbawa, uifuate ukithubutu; ukifa tena kabla ya kuifikia, imekwenda. Tena vituo vyenyewe ni vya kioo, nawe una ruhusa ya kukivunja kituo upate hazina iliyomo, kisha uendelee kwa hadhari, ukijua kuwa taksiri moja itakurudisha mbali. Hivyo mgeni hupita salama, na mkongwe aliyezoea mateso hujinunulia kiasi akitakacho, tena katikati ya safari, akiwa amekwisha kuijua njia. Nami naona pana insafu zaidi hapo kuliko katika michezo inayomtaka mtu achague wepesi au ugumu kabla hajaruka hata shimo moja.