Kilichoandikwa Chini ya D

Kijana wa kujaza upepo ana swali moja tu: "Ngapi, bosi?" Dereva mpya, mwenye wiki mbili na Vitz yake, hajui amjibu nini. Anasema weka ya kawaida. Kijana anaweka 40, kwa sababu 40 ndiyo anayoliwekea kila gari linalosimama mbele ya kompresa yake, iwe Vitz yenye mtu mmoja au Noah iliyopakia familia na magunia ya mchele.

Jibu lilikuwa karibu kuliko simu iliyo mfukoni mwa dereva. Ukifungua mlango wa dereva wa magari mengi ya Kijapani na kutazama kwenye nguzo ya bodi, utaona karatasi ndogo iliyobandikwa kiwandani. Maelezo yake ni ya Kijapani, lakini tarakimu hazina kabila: 220 kPa, kwa mfano. Geji ya kijana inasoma psi, na kila kPa 100 ni sawa na psi 14.5, kwa hiyo 220 ni kama 32. Upepo ukizidi, tairi hukanyaga lami kwa katikati tu na mshiko hupungua, hasa mvua ikinyesha. Ukipungua, kuta za tairi hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka, joto hupanda, na tairi likipasuka kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, usukani hauna adabu tena.

Shule za udereva hufundisha kuendesha. Alama za barabarani, kurudi nyuma kati ya vigingi, kuondoka mlimani bila gari kurudi. Yote hayo mwanafunzi huyapata kabla ya kuvua bango la L. Kusoma gari lenyewe ni somo analojifunzia barabarani, mara nyingi kwa hasara. Na Tanzania sehemu kubwa ya magari ya watu binafsi ni mitumba kutoka Japani: yamekuja na maandishi ambayo mmiliki wa pili hawezi kuyasoma, na historia ambayo hakuna aliyemsimulia.

Historia hiyo huonekana kwa anayejua pa kutazama. Dashibodi inaweza kuonyesha kilomita 62,000, lakini mpira wa pedali ya breki umelika hadi chuma kinachungulia, usukani unang'aa kwa mafuta ya viganja na kiti cha dereva kimebonyea upande wa mlango. Mikono na miguu ya watu haidanganyi, tarakimu za dashibodi huchezewa. Matairi nayo yana cheti cha kuzaliwa. Ubavuni, mwishoni mwa mfululizo wa herufi unaoanza na DOT, kuna kiduara chenye tarakimu nne. Ikisomeka 2318, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Muuzaji wa matairi ya mtumba atakuonyesha kashata zilizosimama vizuri na kusema hili ni jipya kabisa. Wewe tafuta tarakimu nne. Mpira huzeeka hata ukiwa stoo, ndiyo maana tairi la akiba ambalo halijawahi kugusa lami linaweza kuwa ndilo bovu kuliko yote.

Kwenye dashibodi, magari mengi madogo kama Vitz hayana mshale wa joto la injini. Yana taa mbili: ya bluu, inayowaka injini ikiwa bado baridi na kuzimika yenyewe, na nyekundu. Dereva mpya aliyeizoea ya bluu huiona nyekundu na kujiambia itazimika kama mwenzake. Haizimiki. Kila dakika anayoendelea kuendesha ni hatua kuelekea silinda hedi iliyopinda. Kusimama pembeni, kuzima, na kutofungua mfuniko wa rejeta mpaka ipoe ndiyo dawa, hata kama ni foleni ya Ubungo na daladala la nyuma linapiga honi.

Karatasi hazihitaji hadithi ndefu. Kabla ya kulipa gari la mkononi, ingiza namba yake kwenye mfumo wa faini wa polisi wa usalama barabarani, maana faini ambazo hazijalipwa husomeka kwa namba ya gari, na mnunuzi ndiye atakayesimamishwa nalo. Stika ya bima huhakikiwa kwenye mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA, kwa simu. Bima ndogo, ambayo ndiyo sheria inayodai, hulipa madhara ya mtu wa tatu. Bampa lako ni juu yako. Bima kubwa ndiyo inayoligusa gari lako mwenyewe. Na kadi ibadilishwe jina TRA mapema, muuzaji akiwa bado anapokea simu.

Kisha kuna lugha ya barabarani, ambayo haiko kwenye kitabu chochote. Lori la mbele, barabara ya Morogoro, linawasha indiketa ya kulia: usipite, kuna gari linakuja. Linawasha ya kushoto: pita. Ni ukarimu wa madereva wa masafa, na umewasaidia wengi. Lakini indiketa ya kulia inaweza pia kumaanisha kile ilichotengenezewa, kwamba lori linakata kulia, na ya kushoto kwamba linatafuta pa kuegesha. Anayepita kwa ruhusa ya mtu asiyemjua amemkabidhi macho yake, na mgongano wa uso kwa uso hauulizi nani aliwasha taa.

Hazadi nayo imepewa kazi isiyo yake. Madereva wengi huiwasha wanapofika njia panda au kipilefti ili kusema "naenda moja kwa moja". Tatizo ni kwamba mwenye bodaboda aliye ubavuni huona taa ya upande mmoja tu. Kwake hiyo ni indiketa, na anaamini gari linakata. Kwenda moja kwa moja hakuhitaji taa yoyote. Hazadi ni ya gari lililoharibika au lililosimama mahali pa hatari, pamoja na pembetatu za kuakisi mwanga zinazowekwa mbali nyuma ya gari. Yale matawi ya miti ambayo madereva hutandaza barabarani yana maana hiyohiyo, na usiku ukiyaona, mguu utoke kwenye mafuta kabla hujajua kuna nini mbele.

Mwendo ndio unaobishaniwa zaidi, labda kwa sababu watu huufikiria kwa tochi ya trafiki na faini badala ya mita. Kwenye kilomita 50 kwa saa, gari husogea karibu mita 14 katika sekunde moja ambayo dereva anatumia kushtuka na kuhamisha mguu. Breki nzuri kwenye lami kavu huongeza kama 14 nyingine. Jumla mita 28, zaidi kidogo ya mabasi mawili makubwa yaliyopangwa mkia kwa kichwa. Kwenye 80, kushtuka kunakula mita 22 na breki kama 36: karibu mabasi matano. Mwendo haukuongezeka hata mara mbili, umbali umezidi mara mbili. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtembea kwa miguu anayegongwa na gari lenye mwendo wa 65 ana hatari ya kufa mara 4.5 zaidi ya anayegongwa kwa 50.

Dar es Salaam ina ushahidi wake. Shirika la Amend lilizunguka shule za msingi zenye ajali nyingi, likaweka njia za waenda kwa miguu, matuta, vivuko na vibao vya mwendo. Majeraha ya watoto yalipungua kwa zaidi ya robo, na mwaka 2019 mradi huo ulipata tuzo ya kimataifa ya miji ya taasisi ya WRI. Tuta linalomkera dereva asubuhi lina hesabu nyuma yake.

Siku ya kwanza ya safari ndefu ndiyo inayowaumbua wengi, na mahali pake ni Mlima Kitonga, mkoani Iringa. Kuupanda hakuna shida sana, gari litanguruma na kupanda. Kuushuka, ukitoka Iringa kuelekea Morogoro, ndiyo mtihani. Dereva aliyejifunzia gari la otomatiki mjini anajua P, R, N na D. Chini ya D kuna 2 na L, au S na B, za kushukia mlima kwa nguvu ya injini, ambazo hajawahi kuzigusa. Wengine hufanya vibaya zaidi: huweka frii ili kubana mafuta. Wanabana nini? Injini za kisasa, gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa nje ya pedali, hukata mafuta zenyewe. Kwenye frii injini lazima iendelee kuyanywa ili isizimike.

Anayeshuka kwa breki pekee huzipandisha joto. Mafuta ya breki aina ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205 hivi, lakini hufyonza unyevu kadiri miaka inavyopita, na yakishalowa huchemka kwenye 140. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyezeka, na pedali huzama hadi sakafuni kama inakanyaga godoro. Kabla ya hapo huja harufu, kali, kama plastiki inayoungua.

Madereva wa malori huteremka kwa gia ambayo wangepandia, taratibu, kona baada ya kona. Nyuma yao hufuatana IST na Vitz, taa nyekundu za breki zikiwaka bila kuzima, na mara mojamoja huonekana gari dogo katikati ya msururu ambalo taa zake haziwaki, injini inalia kwa sauti ya juu, na dereva ametulia.