Masomo ya Jumanne ya Charcot

Masomo ya Jumanne (kwa Kifaransa: Leçons du mardi) yalikuwa mafunzo ya kutambua magonjwa ya mfumo wa neva yaliyotolewa na daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot (1825–1893) katika hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, Ufaransa, katika miaka ya 1880.

Namna ya kufundisha

Mihadhara ya Ijumaa iliandaliwa mapema. Siku ya Jumanne Charcot alipokea wagonjwa ambao mara nyingi hakuwa amewaona kabla. Aliwahoji mbele ya wanafunzi, akatazama mwendo na mikono yao, kisha akaeleza hatua kwa hatua jinsi alivyotambua ugonjwa.

Mfano mmoja ni kutetemeka. Mkono wa mgonjwa wa Parkinson hutetemeka hasa ukiwa umetulia. Katika sklerosisi ya sehemu nyingi, mtetemo huzidi mkono unapokaribia kitu unachotaka kushika. Mgonjwa alipofariki, ubongo na uti wa mgongo vilichunguzwa ili kuthibitisha utambuzi au kuusahihisha.

Urithi na lawama

Sigmund Freud alihudhuria masomo ya Charcot miaka ya 1885–1886. Mwanafunzi wake Joseph Babinski alieleza mwaka 1896 ishara inayotumika hadi leo: unyayo ukikwaruzwa, kidole gumba huinuka badala ya kujikunja, dalili ya hitilafu katika ubongo au uti wa mgongo kwa mtu mzima.

Charcot amelaumiwa kwa kuwaonyesha hadharani wagonjwa, hasa wanawake walioitwa wenye histeria. Baada ya kifo chake, Babinski mwenyewe alikataa sehemu kubwa ya mafundisho yake kuhusu histeria.