Kompyuta Zilizosahau Kulala

Prosesa haichemki kwa sababu ya jina la mfumo endeshi. Huchemshwa na kazi, na kasi, na zaidi ya yote volti. Umeme inaoutumia hupanda kwa kipeo cha pili cha volti, kiasi kwamba ukipunguza volti kwa asilimia 10 unaokoa karibu asilimia 19, hata kama kasi haijaguswa. Mfumo endeshi huchangia kuamua volti ishuke lini na sehemu ipi ya chipu izimwe. Ndiyo maana laptopu mbili za aina moja, hii ikiwa na Windows na ile Linux, zinaweza kupishana nyuzi kadhaa za joto pasipo feni mbovu wala vumbi.

Tofauti hiyo si ngeni. Iliwahi kupungua mwaka hadi mwaka, kwa sababu chanzo chake kilijulikana na kila aliyetaka kukirekebisha aliweza kukifikia. Leo imerudi, na chanzo chake kimefungiwa mahali ambapo wengi wetu hatuna ufunguo.

Tuanze na Windows 95. Prosesa za Intel zina amri iitwayo HLT, inayoisimamisha prosesa mpaka kifaa fulani kiiamshe. Linux na Windows NT ziliitumia. Windows 95 haikuitumia. Prosesa ilizungushwa bure hata mwenye mashine alipokwenda kunywa chai. Raymond Chen wa Microsoft alieleza baadaye kwamba baadhi ya laptopu za wakati huo zilikwama kabisa zikipewa amri hiyo, ndipo ikaachwa. Watumiaji wakajipakulia vijiprogramu kama Rain na CpuIdle vilivyoitekeleza kwa niaba ya mfumo, na joto likashuka. Kasoro ilikuwa ya aibu, lakini ilikuwa wazi kwa kila mtu.

Desemba 1996 Intel, Microsoft na Toshiba walitoa kanuni za ACPI, zilizoukabidhi mfumo endeshi usimamizi wa umeme kwa lugha moja iliyochapishwa. Utekelezaji wake ulijaa makosa ya watengenezaji, na wasanidi wa Linux walilalamika kwa miaka. Hata hivyo kanuni zilisomeka. Kazi nzuri kuliko zote ilifanyika 2007. Linux za mfululizo wa 2.6 zilianza kwa kuiamsha prosesa mara 1,000 kila sekunde, iwe kuna kazi au hakuna. Toleo la 2.6.21 la Aprili mwaka huo liliiruhusu ilale mpaka ihitajike. Mwezi uliofuata Intel ikatoa PowerTOP, programu iliyoorodhesha kwa majina kila kilichoisumbua prosesa. Wenye programu zilizotajwa waliona haya, wakazirekebisha. Sijui chombo kingine kidogo namna hiyo kilichopoza mashine nyingi kiasi hicho.

Kuporomoka kwa uwazi huo kulianzia kwenye usingizi. Ule wa zamani, unaoitwa S3, ulizima karibu kila kitu isipokuwa kumbukumbu. Mfumo endeshi ulisalimisha mashine na kuondoka, kwa hiyo Windows na Linux zilipata utulivu ulio karibu sawa. Windows 8 ya mwaka 2012 ilileta wazo la laptopu inayolala kama simu: kioo kimezimika, lakini barua pepe zinaingia. Katika usingizi huo mashine haizimwi. Kila kifaa lazima kikubali kutulia kwa hiari, na kimoja kikikataa, kiwe kadi ya mtandao au diski, chipu nzima haifiki kwenye kina chake. Anayejua kuvishawishi vifaa vyote ni yule aliyeandikiwa draiva na mtengenezaji.

ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha 6, iliyotoka 2018, ilikuja bila S3. Walioweka Linux waliikuta imemaliza betri ikiwa imefungwa. Septemba Lenovo ikarudisha usingizi wa zamani kwenye mipangilio ya BIOS, chini ya chaguo lililoandikwa “Linux”. Mashine hiyohiyo ilikuwa na tatizo la pili lililofanana na neema: chini ya Linux prosesa ilibanwa kwenye nyuzi 80 hivi, ilhali chini ya Windows iliachiwa ipande hadi karibu 97. Ubaridi huo haukuwa ufanisi. Mpaka wa joto ulipandishwa na programu ya mtengenezaji iliyokuwepo kwenye Windows peke yake, na mwenye Linux alikuwa amenunua prosesa ambayo hakuweza kuitumia yote. Dawa kutoka kiwandani ilichelewa mpaka 2019.

Ndiyo maana simwamini anayelinganisha mifumo kwa kutazama namba ya joto tu. Namba yenyewe inaweza kudanganya: Ryzen 7 1700X na 1800X za mwaka 2017 ziliongezewa nyuzi 20 kwa makusudi ili feni zifuate kanuni moja, na programu isiyojua hilo ilionyesha moto usiokuwepo.

Itasemwa kwamba prosesa za sasa hujiamulia kasi zenyewe, kama za Intel tangu 2015, na kwamba zinafanya hivyo haraka kuliko mfumo wowote. Ni kweli, na kwa kazi za kawaida pengo limepungua. Lakini uamuzi ukihamia ndani ya chipu, nyaraka hazihami nao kwenda kwa umma. Kadi za picha za Nvidia zilianza kudai programu zenye saini ya kampuni mwaka 2014, na nouveau, draiva huria iliyoandikwa nje ya kampuni hiyo, ikanyimwa uwezo wa kubadili kasi ya kadi hizo na hata kuongoza feni. Apple ilipohamia chipu zake Novemba 2020, haikutoa nyaraka za kuendeshea mfumo mwingine. Wahandisi wa Asahi Linux, mradi wa kuipeleka Linux kwenye kompyuta hizo za Apple, walilazimika kuichunguza M1, chipu ya kwanza kati ya hizo, kipande kwa kipande. Kasi ya prosesa waliimudu. Usingizi ukaja baadaye, nao ulikula betri kuliko ule wa macOS.